Mwenye Nyoka Kichwani

Yuster tulimzika kwao Bugarama mwezi uliopita. Mvua ilinyesha mpaka wanaume wakalazimika kuchota maji kaburini kwa ndoo kabla ya kuteremsha jeneza. Alikuwa binti wa mama yangu mkubwa, na kwa miaka minne tulilala kitanda kimoja nyumbani kwetu Kanazi, kwa sababu shule ya kwao ilikuwa mbali. Baada ya mazishi tulikaa ndani kwenye mikeka, watu wakila wali huku viatu vyao vyenye tope vimejaa mlangoni, na binti yake wa kwanza akaja akakaa karibu nami. Akaniuliza mama yake alikuwaje alipokuwa mtoto. Nikamwambia alikuwa na mbio, alikuwa akishikwa na kicheko kanisani, na aliogopa kondoo. Yote hayo ni kweli. Binti akacheka, kisha akalia, kisha akanishukuru. Nilirudi Mwanza kwa basi la asubuhi nikijua kwamba sikumwambia lolote kuhusu mwaka ule wa wakimbizi waliovuka mto wakikimbia mauaji kwao, nilipokuwa darasa la sita. Yuster alikuwa mtu pekee aliyejua pamoja nami. Sasa najua peke yangu, na nimeona heri niandike.

Asiyekuwepo hawezi kuelewa jinsi watu wale walivyokuwa wengi na jinsi walivyokuja kwa ghafla. Tuliamka tukakuta barabara imejaa, na haikuisha kujaa siku ile wala siku zilizofuata. Kilima kilichokuwa na miti mwezi wa nne, mwezi wa sita hakikuwa na hata kijiti cha kuchokonolea meno; kilikuwa na maturubai, moshi na sauti za watu tangu chini hadi juu. Sebule yetu ilikuwa na viti vinne vya mbao, meza yenye kitambaa cha kufuma na picha ya Moyo Mtakatifu iliyofifia upande mmoja kwa jua la dirishani. Hapo ndipo baba na mzee Rafaeli, mwenyekiti wa kitongoji, walipokaa kila jioni na rubisi yao, pombe ya ndizi. Ukuta wa kati ulikuwa wa matofali mabichi na haukufika juu, kwa hiyo sisi tuliokuwa jikoni tukimenya ndizi tulisikia kila neno. Walihesabu malori, walilalamikia miti, walisema wakimbizi wanachimba mihogo usiku. Jioni moja mzee Rafaeli akasema watu wasile tena samaki wa mtoni. Baba hakuuliza kwa nini. Mama aliacha kumenya, akatutuma mimi na Yuster tukachote maji, ingawa ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Mwaka huo huo shuleni kwetu kulikuja sanduku la vitabu. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akipita na msafara wa misaada aliliacha ofisini, na kwa kuwa vyote vilikuwa vya Kiingereza, panya wangevimaliza kama si Mwalimu Leonidas. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye shati moja jeupe na lingine la bluu, na ndiye pekee aliyesoma Kiingereza bila kutafuta maneno. Alichagua kitabu kimoja chenye picha ya farasi mwenye mabawa, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikaa juu ya meza yake akatusomea, akikitafsiri kwa Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa. Akatuambia ni hadithi ya upelelezi waliyotungiwa watoto, lakini imejaa miungu na viumbe vya Wayunani. Mtu akauliza Wayunani ni akina nani. Akasema Wakorintho tunaowasikia kwenye somo la pili kanisani walikuwa Wayunani, ila haya ndiyo waliyoyaamini kabla Mtume Paulo hajawaandikia barua. Tukaridhika.

Mpelelezi alikuwa msichana aitwaye Melita, mwenye miaka kumi na miwili kama mimi, aliyeishi chini ya mlima wa miungu. Miungu ikipotelewa na kitu ilimwita yeye. Safari hii walikuwa mabibi watatu, ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa na jicho moja tu, wakipokezana ili kila mmoja apate zamu ya kuona. Asubuhi moja jicho likawa halipo. Melita akaanza kuhoji. Alimhoji farasi mwenye mabawa, akamhoji mtu mwenye kichwa cha fahali aliyefungiwa ndani ya nyumba yenye njia zisizo na mwisho, akamhoji mvushaji wa mto wa wafu. Mwalimu alipofika kwenye mto huo na roho zilizosongamana ukingoni, alisoma sentensi mbili, akafungua ukurasa mwingine. Hakuna aliyelalamika. Kila aliyehojiwa alimtaja mtu mmoja: mwanamke aliyeishi peke yake pangoni, mwenye nyoka kichwani badala ya nywele, ambaye ukimtazama usoni unageuka jiwe. Melita alikuwa na maswali yake matatu, nami niliyaandika nyuma ya daftari la hesabu: nani alikuwa karibu, nani ana haja, nani anaficha uso.

Sisi nyumbani tulikuwa na Mukecuru Venansia. Mukecuru kwa lugha ya wakimbizi ni bibi kizee, na kwetu Wahangaza neno hilo halihitaji mkalimani. Alivuka daraja pamoja na ule umati, akakaa siku mbili pembeni mwa migomba yetu bila kuomba kitu, ndipo mama akampa jiko la zamani alale humo. Kambini hakutaka kwenda. Hakusema sababu, nasi hatukujua kwamba huenda kulikuwa na watu kambini aliowaogopa. Alilima nasi, alichambua maharage, alichota maji kwa mtungi mdogo aliouegemeza kiunoni. Aliniita mwanangu. Hakuwa na ndugu hata mmoja. Kichwani alifunga kitambaa cheusi kilichoshuka mpaka kwenye nyusi, na hakukifungua akilima juani, wala akioga, wala akilala. Yuster ndiye aliyeanza kumwita Mwenye Nyoka. Tulimwita hivyo kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa hakujua Kiswahili.

Ijumaa moja tulifika mahali ambapo Melita anasimama mlangoni mwa pango, ameshika ngao iliyong'arishwa ili amtazame yule mwanamke kwa taswira yake tu. Kengele ikalia. Ijumaa iliyofuata Mwalimu Leonidas hakuwepo, na wala Jumatatu. Alikuwa amepata kazi kambini, kwenye shirika lililolipa kwa mwezi mmoja alichopata shuleni kwa mwaka, na walimu wengine wawili walimfuata. Kitabu aliondoka nacho. Darasa zima lilijadili mwisho, na sikumbuki aliyebisha: jicho liko pangoni, mwenye nyoka ndiye mwizi. Mimi na Yuster tukaanza upelelezi wetu wenyewe. Tulifuata nyayo za mbuzi, tulichunguza nani aliiba sabuni ya mwalimu mkuu. Yuster alichoka baada ya wiki mbili. Alianza kwenda kambini kila Jumamosi na wanawake waliopeleka ndizi sokoni huko, akawa anarudi na biskuti za msaada, zile ngumu, nene, zenye utamu kama wa maziwa. Alisema amepata rafiki msichana wa kikimbizi anayempa. Tulizila kitandani, tukilamba chembe kwenye viganja. Mimi niliyekuwa na maswali matatu nyuma ya daftari sikuuliza hata moja.

Mwezi wa tisa mvua za kwanza zilipoanza, mama aliteremsha mtungi wa mbegu. Ulikaa juu ya dari ya jiko, mahali pa moshi, mdomo wake umezibwa kwa majani ya migomba na udongo. Zilikuwa mbegu za maharage ya kahawia yenye madoa meupe, alizopewa na mama yake alipoolewa. Akaingiza mkono, akatoa viganja viwili, kisha vidole vyake vikatoka na pumba za mahindi. Akamimina mtungi wote kwenye ungo. Juu palikuwa na mbegu kiasi cha sahani moja. Chini yote ilikuwa pumba. Mama hakupiga kelele. Alikaa sakafuni miguu imenyooka, kama mtu aliyefiwa, na akaanza kuchambua zile pumba moja moja.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka misani. Baba alimwita mzee Rafaeli, na mzee Rafaeli akaja na vijana wawili wenye fimbo, na majirani wakaja kwa sababu mzee Rafaeli amekuja. Uani kulikuwa na watu labda ishirini. Baba akauliza nani huingia jikoni. Watu walianza kusema kwa pamoja, wengine wakitaja mbuzi, wengine panya, jambo ambalo halikuwa na maana, maana panya haweki pumba. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti. Moyo ulinidunda kwa furaha. Sina neno jingine la kuuita mdundo ule. Nikasema nina la kusema. Baba akashangaa, lakini akawanyamazisha watu.

Nikawaeleza kama Melita alivyofanya mbele ya miungu. Nikasema aliyekuwa karibu ni mtu anayelala kwenye jiko la zamani, hatua tano kutoka la sasa. Nikasema mwenye haja ni mtu asiye na shamba. Watu waliitikia kwa vichwa, hata wazee. Halafu nikasema la tatu.

"Hafungui kitambaa hata akilala. Kuna kitu anakificha."

Mukecuru Venansia alikuwa amekaa chini karibu na jiwe la kusagia. Hakuelewa Kiswahili changu, ila aliona macho yote yamemgeukia. Mzee Rafaeli akamwambia kwa Kihangaza avue kitambaa. Akaweka mikono yote miwili kichwani, akatikisa kichwa. Akaambiwa tena. Akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba wamwulize lolote, atajibu, lakini wamwachie kitambaa. Yuster alikuwa nyuma yake. Alikivuta kwa mkupuo mmoja.

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilichokiona na ninaishia kufuta. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa kwa panga, si mara moja. Makovu yalipita huku na huku, manene, ya waridi, yanang'aa, na katikati yake nywele zilikuwa zimeota kwa mafungu, mvi zilizojisokota, kila fungu likielekea upande wake. Hakukuwa na mbegu hata moja. Nilitazama kwa muda mrefu. Nikadhani mambo yataishia hapo, kwamba mtu mmoja atakiokota kile kitambaa ampe. Ndipo mwanamke mmoja jirani yetu, mtu wa jumuiya ya kanisani, ambaye alinifundisha kusali rozari, akasema:

"Waliomfanya hivyo si bure. Walikuwa wanamjua."

Neno hilo liliwapa watu nafasi ya kupumua. Wale vijana wakamchapa mikononi, kwa sababu mzee Rafaeli alisema mikono ndiyo iliyoiba. Alitakiwa aseme mbegu amezipeleka wapi. Kifundo cha mkono wa kulia kilitoa mlio kama kijiti kikavu. Mama akasema inatosha, mara moja, kwa sauti ya mtu anayemzuia mtoto asiongeze chumvi. Kabla jua halijafika utosini Mukecuru alikuwa ameondoka kuelekea kambini, furushi lake kwenye mkono wa kushoto, kitambaa amekifunga vibaya kwa kutumia mkono mmoja na meno.

Siku ile tulikula kuku, maana alikuwa amekwisha kuchinjwa kwa ajili ya Jumapili. Kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba, na sijawahi kuona mtoto wa kike akiionja. Baba aliikata katikati kwa kisu, akaweka nusu kwenye sahani yangu. Akasema, "Mpelelezi wangu." Mzee Rafaeli akacheka akasema huyu msichana asomeshwe mpaka mwisho. Nikaila ile firigisi polepole, mbele ya kaka zangu.

Jumatano niliamka nimechelewa, nikavaa sketi ya Yuster badala ya yangu. Njiani nilihisi kitu kigumu kwenye pindo. Lilikuwa limefumuliwa kidogo na kutengeneza mfuko, na ndani yake mlikuwa na maharage saba ya kahawia yenye madoa meupe, pamoja na kipande cha karatasi ya biskuti. Sikwenda shule. Nilirudi nikamkuta Yuster, aliyebakizwa nyumbani siku ile, mtoni anafua, nikamwonyesha kiganja. Alitazama, akaendelea kufua.

"Na wewe ulikuwa unakula," akasema.

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Kisha akaanza kulia, akasema alichukua kidogo tu kila Jumamosi, na kila mara alikusudia iwe ya mwisho. Akasema nikisema atarudishwa Bugarama, ataachishwa shule, na baba yake atamvunja miguu. Hayo yalikuwa kweli. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilinyamaza ili kumwokoa ndugu yangu. Lakini nina umri sasa wa kutojidanganya. Yuster kurudishwa kwao ningevumilia. Nisichoweza kuvumilia ni baba kujua kwamba nusu ya firigisi ile haikuwa yangu. Nikayatupa yale maharage saba mtoni, moja moja.

Jumamosi iliyofuata nilijiunga na wanawake wa ndizi nikaenda kambini. Nilimwambia mama nataka kumwona Mwalimu Leonidas, na kweli nilimtafuta kwanza. Nilimkuta nje ya hema kubwa, amevaa kizibao cha shirika, ana kalamu mbili mfukoni na mstari wa watu mbele yake usioonekana mwisho. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, akanipa dakika zake chache. Nikamwuliza hadithi iliishaje. Akasema mwenye nyoka hakuwa na jicho. Mmoja wa wale mabibi watatu alilificha kiganjani mwake mwenyewe, siku zote, kwa sababu alichoka kupokezana, na nduguze wasioona wasingeweza kumjua. Akaniuliza mimi nilimdhani nani. Nikasema mwenye nyoka.

"Kila mtu humdhani yeye," akasema. "Ndiyo maana mtunzi amemweka."

Akarudi kwenye mstari wake. Nilizunguka mpaka miguu ikaniuma, nikiulizia mukecuru mwenye mkono uliovunjika. Nilimkuta ameketi kwenye mlango wa turubai ya watu asiowajua, mkono umefungwa kwa ubao na kipande cha kanga. Nikapiga magoti nikamwamkia kama anavyoamkiwa mtu mzima kwa lugha yetu. Aliponitambua akanyoosha mkono ule mzima, akanigusa shavuni, akaniita mwanangu. Nilikuwa nimekuja kumwambia. Naapa kwamba maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Lakini yeye akatangulia kuuliza.

"Mbegu za mama yako zimeonekana?"

Uso wake wote ulikuwa ukisubiri. Nikaelewa anachosubiri: kwamba zikionekana ataitwa arudi, na watu watasema walikosea, na lile jiko la zamani bado lipo. Nikafungua mdomo.

"Hapana," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa anamhurumia mama yangu. Akasema msimu unapita, mvua haimsubiri mtu, na mwanamke asipopanda sasa watoto watakula nini. Akaingia ndani, akatoka na bakuli la maharage ya mgao wake, madogo, mekundu, akayamimina kwenye upindo wa kanga yangu kwa mkono mmoja, akaangalia isidondoke hata punje. Akasema nimpelekee mama apande. Nikashukuru, nikaondoka karibu kwa kukimbia.

Nyumbani niliyaweka mbele ya mama, nikamwambia yametoka kwa Mukecuru. Nilifikiri, kwa akili ya kitoto iliyokuwa imebaki, kwamba zawadi ile ingesema yenyewe nilichoshindwa kusema mimi. Mama aliyatazama, akayapitisha vidoleni. Baba na mzee Rafaeli walitoka sebuleni kuja kuona.

"Kama hakuiba, anarudisha nini?" mama akasema.

Baba akasema hata hivyo si yale, ni mekundu. Mzee Rafaeli akasema bila shaka yale mazuri amekwisha kuyabadilisha sokoni. Yuster alikuwa anachochea moto, na hakugeuka. Nilikuwa na nafasi nyingine pale, watu watatu tu, sauti ya chini ingetosha. Mama akaniambia nilete ungo.

Tuliyapanda Jumatatu. Wakimbizi walipokuja kurudishwa kwao, baadaye, barabara ilijaa tena siku kadhaa, nami nilisimama pembeni na watoto wenzangu nikitazama vichwa vya wanawake wazee kimoja kimoja, na sikumwona. Maharage yaliota vizuri kuliko tulivyotarajia. Yalivumilia jua, hayakushikwa na wadudu, na yalipopikwa yaliiva haraka na kufanya mchuzi mzito. Mama aliyapenda, akaweka mbegu yake mtungini, akawagawia majirani, nao wakawagawia wengine mpaka Murukulazo. Aliyaita maharage ya mwizi. Jina hilo lilishika. Mama na baba wamekwisha kufariki, na watu wa Kanazi bado wanayaita hivyo sokoni bila kufikiri. Mwaka jana mke wa kaka yangu alinifungia mfuko wa kurudi nao Mwanza, akaniuliza kama najua jina lile lilitoka wapi. Nikamwambia sijui.